Yamaha DT175 au AG100: ipi ya kununua Malindi baada ya kulala miaka mingi

Anayetafuta pikipiki ya zamani ya injini ya mapigo mawili, ile ambayo mafundi huiita tustroki, katika mji wa Malindi na vijiji vilivyo nyuma yake, mara nyingi hujikuta akichagua kati ya majina mawili ya Yamaha. La kwanza ni DT, hasa DT175 inayopozwa kwa hewa, ndefu na nyepesi, yenye gurudumu kubwa la mbele. La pili ni AG100, pikipiki ya shamba yenye keria mbele na nyuma, ambayo haikuundwa ili ipendeze macho. Zote mbili zilisambaa Afrika kupitia ofisi, miradi ya kilimo na afya, na misheni, na nyingi ziliegeshwa pale mwenye nazo alipostaafu, alipofariki au alipopata gari. Leo vijana wa bodaboda wanaendesha injini za mapigo manne, kwa hiyo pikipiki hizi hukutwa zimelala uani, chini ya paa la makuti au ndani ya stoo, zikiwa na vumbi la miaka na logbook ambayo haijulikani iko wapi.

Ulinganisho huu unamhusu mtu anayetaka kuipanda pikipiki hiyo kwenda Mambrui, Kakuyuni au Marafa, na si yule anayetaka kuipiga rangi na kuiweka ukumbini. Msimamo wangu ni kwamba jina lililoandikwa kwenye tangi linakuja la pili, kwa kuwa bei halisi ya pikipiki iliyolala imeamuliwa tayari na mahali ilipolala na namna ilivyolala. Hata hivyo mashine hizi mbili hazizeeki kwa namna moja, wala gharama ya kuziamsha si moja, na ndiyo sababu inafaa kuzipima pamoja.

Kwa nini tustroki huumia zaidi inapolala

Injini ya mapigo manne ina oili chini ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na beringi zake huoga humo kila inapozunguka. Injini ya mapigo mawili haina hazina hiyo. Beringi za kranki na za konrodi, fimbo inayoiunganisha pistoni na kranki, hulainishwa na oili inayoingia pamoja na petroli, na injini inapozimwa kwa miaka, utando huo mwembamba hutiririka chini na kuacha chuma kikitazamana na hewa. Kisha kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui, nalo ni mahali pistoni ilipokuwa injini ilipozimwa. Ikiwa ilisimama chini, tundu la egzosi na njia za kupitishia mchanganyiko zilibaki wazi, na hewa yenye chumvi ilipata mlango kutoka kwenye egzosi hadi ndani ya nyumba ya kranki. Ikiwa ilisimama juu, milango hiyo ilikuwa imefungwa kwa sehemu kubwa. Pikipiki mbili za mwaka mmoja, zilizoegeshwa siku moja ukuta kwa ukuta, zinaweza kutofautiana kwa sababu hii tu.

Kitu cha pili ni sili za kranki. Katika injini ya mapigo mawili nyumba ya kranki ni sehemu ya njia ya kuvutia mchanganyiko, kwa hiyo ni lazima isivuje hewa hata kidogo. Sili ni mpira, na mpira uliokaa bila kuguswa hukakamaa. Sili ya upande wa magneti, yaani upande wa gurudumu linalozalisha umeme wa cheche, ikivuja, injini huvuta hewa ya ziada, mchanganyiko hupungukiwa petroli na oili, joto hupanda, na pistoni hushika ndani ya silinda, pengine ukiwa katikati ya safari. Ikivuja ya upande wa klachi, injini hunyonya oili ya gia, hutoa moshi mweupe usiokwisha, na oili ya gia hupungua bila kuonekana tone chini. Hali hizi mbili zipo kwa DT na kwa AG100 sawasawa, na yeyote anayesema pikipiki yake imelala miaka kumi lakini sili ni nzima anasema jambo ambalo hana njia ya kulijua bila kuipima.

Ilipolala

Hapa jiografia ya Malindi ina neno kubwa. Pikipiki iliyolala Shela ya mjini au karibu na ufuo wa Watamu imepuliziwa chumvi misimu yote, kaskazi na kusi. Iliyolala Gongoni au Ngomeni, kwenye mashamba ya chumvi, naiogopa zaidi ya hizo, kwa kuwa huko hata udongo wa barabarani huganda kwenye spoki na kula chuma wakati wa masika. Iliyolala Marafa, Langobaya au Kakoneni imekutana zaidi na vumbi, jua na panya. Jua huua tairi, mpira na kiti, na panya hula nyaya na kujenga kiota ndani ya boksi la kichungi cha hewa, lakini hayo yote hununulika. Kranki iliyoota kutu kwenye beringi ni habari nyingine, kwa sababu huvunjwa kwa presi na kupangwa upya kwa vipimo vya sehemu za mia za milimita, kazi ambayo si ya kumpa mtu mwenye nyundo.

Chumvi ina hila nyingine inapokutana na aluminiamu na chuma vilivyofungwa pamoja. Boliti za chuma zilizopita ndani ya mwili wa injini hushikana nao kwa kutu nyeupe ya unga, na fundi mwenye haraka akizilazimisha hukatika. Boliti za shingo ya egzosi ndizo za kwanza. Anayenunua pikipiki ya ufukweni ajue kwamba kazi ya siku moja huweza kuwa ya wiki, kwa kuwa kila nati itahitaji kulowekwa kwa mafuta ya kupenya, kupashwa moto kidogo na kusubiriwa.

Zikiwekwa bega kwa bega

DT175 ina injini ya sentimita za ujazo 171, AG100 ina 97. Katika barabara ya lami kwenda Gede, au katika kupanda na kushuka kwa njia ya Marafa ukiwa umepakia mtu, tofauti hiyo husikika mara moja. DT huvuta, wakati AG100 huomba gia ya chini. Katika mchanga mzito wa Mambrui gurudumu la mbele la DT, ambalo katika matoleo mengi ni la inchi 21, hupita juu ya mchanga mahali ambapo dogo huzama. Kwa upandaji wenyewe, basi, sioni haja ya kubishana: DT ni pikipiki bora zaidi ya kupanda, na anayesema vinginevyo huenda anaiuza AG100.

Lakini sifa hiyo ndiyo iliyoiponza. Kwa kuwa DT hukimbia, ilikimbizwa. Nyingi utakazoziona zimewahi kubowewa silinda, yaani kupanuliwa kwa mashine, zaidi ya mara moja, na pistoni za ovasaizi, zile kubwa kuliko ya kiwandani, huenda kwa hatua za robo milimita, kwa kawaida hadi milimita moja tu, baada ya hapo silinda huhitaji slivu mpya, yaani bomba jipya la ndani. Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuzaji wa DT si ilikimbia kiasi gani bali pistoni iliyomo ni saizi gani, na jibu huwa limechongwa juu ya pistoni yenyewe kwa tarakimu kama 25, 50 au 100 ikiwa ni ya ovasaizi. Ikiwa iko kwenye 100 na silinda imekwaruzika, umenunua fremu na magurudumu.

AG100 ilitengenezwa kwa ajili ya mkulima, na hilo huonekana katika mambo ambayo mnunuzi wa mjini huyadharau. Cheni yake imefungwa ndani ya kasha, hivyo mchanga na chumvi havikuifikia, na mara nyingi ukifungua kasha la pikipiki iliyotelekezwa unakuta cheni ingali na grisi. DT iliyolala muda huohuo karibu daima huhitaji cheni mpya na sproketi zake zote mbili. AG100 ina vigingi vya kuegeshea pande zote mbili, na ina vizuizi vinavyolinda taa na vishikio inapoanguka, kwa hiyo vipande vyake vidogo huwa vipo. Na kwa kuwa haikuvutia vijana, haikuazimwa ovyo wala haikuibiwa vipuri. Ukikutana na AG100 ambayo haijaguswa tangu ofisi ilipoiuza kwa mnada, unakutana na kitu kizima, hata kama kimekufa.

Ukamilifu huu nauthamini kuliko uzuri. Kifuniko cha pembeni, boksi la kichungi, kidaka cheche cha egzosi, pampu ya oili na kebo yake, swichi za mkononi, vyote ni vitu vidogo ambavyo havipatikani dukani Malindi, na kuvitafuta Mombasa kimojakimoja humla mtu muda na nauli kuliko kubowa silinda. Vipuri vya injini ya DT175, yaani pistoni, ringi, gasketi na sili, hutengenezwa pia na viwanda vingine visivyo vya Yamaha, na kwa upande huo DT ina nafuu. Vya AG100 huagizwa zaidi. Mnunuzi apige simu kwa duka la spea kabla ya kulipa, aulize sili mbili za kranki na seti ya ringi kwa jina la toleo na namba ya injini, kwani jibu la simu hiyo lina uzito kuliko maneno yote ya muuzaji.

Kuna wanaotaja Suzuki AX100 kama njia ya tatu. Ni rahisi kufanyia kazi, na kwa kuwa iliendelea kutengenezwa China kwa miaka mingi, vipuri vyake havisumbui sana. Ni pikipiki ya lami, na kwa anayekaa Maweni na kufanya kazi Ngala inatosha kabisa. Kwa mchanga siitaji tena.

Kuikagua kabla ya kutoa fedha

Muuzaji akisema kwamba jana aliiwasha kwa kuvutwa na ikaitika, mimi humshukuru na kupunguza bei niliyokuwa nayo kichwani. Kuwasha tustroki iliyolala miaka, pampu ikiwa na hewa na beringi zikiwa kavu, ni kuipa kutu nafasi ya kusaga. Afadhali iliyokufa bila kuguswa kuliko iliyofufuliwa na mtu mwenye pupa, kwa sababu ile ya kwanza inaonyesha ugonjwa wake na ya pili imeuficha, na hapo ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia.

Namna bora ya kuiangalia haihitaji vifaa vingi. Omba ruhusa ya kutoa egzosi kwenye silinda, kisha chungulia kwa tochi kupitia tundu lake huku plagi ikiwa imetolewa na injini ikizungushwa taratibu kwa mkono kutoka kwenye nati ya magneti. Unaiona pistoni uso kwa uso, pamoja na ringi zake na ukuta wa silinda. Mikwaruzo ya wima upande huo ni alama ya kushika kwa zamani. Madoa ya kahawia ukutani ni kutu, na kama ni mepesi huenda yakaondoka kwa kusuguliwa. Injini isipozunguka, usikanyage kiki kwa nguvu wala usikubali mtu aisukume ikiwa na gia. Mimina oili nyepesi kupitia tundu la plagi, iache siku kadhaa, kisha jaribu tena kwa upole. Mwenye mali akikataa jambo hili dogo, muage kwa heshima. Baada ya hapo shika gurudumu la magneti na ulitikise juu na chini: likicheza, beringi kubwa za kranki zimekwisha, na hiyo ndiyo kazi ya gharama.

Karatasi zinakwenda pamoja na chuma. Namba iliyopigwa kwenye shingo ya fremu na ile ya injini zilingane na logbook, na uhamisho wa umiliki hufanywa kwa mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, ambako mwenye jina ndiye anayeanzisha. Pikipiki nyingi zilizolala ni za marehemu. Katika hali hiyo kauli ya mtoto mmoja wa nyumba hiyo haitoshi. Warithi wawe na hati ya mirathi kutoka mahakamani, iwe ya kadhi au nyingine, la sivyo utakuwa umefufua mali ya watu.

Kuiamsha

Kwa zote mbili ningeanza na sili za kranki kabla ya kuwasha, bila kusubiri dalili. Sili ya magneti hubadilishwa bila kupasua injini, baada ya kuling'oa gurudumu la magneti kwa kifaa chake cha kuvutia. Ya upande wa klachi hudai kufungua kifuniko, na katika baadhi ya injini mdomo wa sili umebanwa na mwili wa injini, hivyo haitoki bila kuupasua. Fundi mwenye kifaa cha kupima anaweza kuziba egzosi na njia ya kabureta, akajaza hewa ya takriban psi 6 na kuangalia kama shinikizo linakaa kwa dakika kadhaa. Malindi tuna bahati moja katika jambo hili. Mafundi wengi wa bodaboda hawajawahi kufungua tustroki, lakini wale wanaotengeneza mashine za boti ufukweni wanazijua kwa mikono yao, kwa kuwa mashine nyingi za wavuvi ni za mapigo mawili. Ningempelekea fundi wa boti injini na kumwachia fundi wa bodaboda breki, spoki na tairi.

Bahati hiyo ina mtego wake kwenye oili. Oili ya mashine za boti, yenye alama TC-W3, imetungwa kwa injini zinazopozwa kwa maji. DT175 na AG100 hupozwa kwa hewa na joto lake ni kubwa zaidi, kwa hiyo zitiliwe oili ya pikipiki yenye alama ya JASO FC au FD, hata kama ya boti ndiyo iliyo jirani na ndiyo rahisi.

Zote mbili zina pampu ya Autolube, mfumo ambao Yamaha iliuanzisha mwaka 1964 ili mwendeshaji asichanganye oili kwa mkono. Baada ya kulala miaka, pampu na mipira yake huwa na hewa au oili iliyoganda. Ioshwe, itolewe hewa kwa skrubu yake, na tangi la kwanza la petroli lichanganywe oili kwa kiwango cha mililita 25 kwa lita, yaani 1 kwa 40, mpaka uone kwa macho oili ikitembea kwenye mpira. Wapo wanaoiondoa pampu moja kwa moja na kuchanganya maisha yote. Sikubaliani nao, kwani pampu nzima hupima oili kulingana na mwendo na ufunguzi wa kabureta, wakati kipimo cha kopo hutegemea kumbukumbu ya mtu.

Tangi lenye kutu huoshwa kwa siki au asidi ya sitriki, kisha kwa maji yenye magadi ili asidi iishe nguvu, likaushwe na kupakwa petroli yenye oili siku hiyohiyo. Kabureta ifunguliwe yote, na kila jeti, kile kitundu kinachopitisha petroli, ionekane mwanga upande wa pili. Platini au CDI, yaani mfumo wa cheche wa zamani au wa kielektroniki kutegemea toleo, isafishwe na koili ipimwe. Breki za ngoma zifunguliwe hata kama zinashika, maana gundi ya kiatu cha breki huachia yenyewe baada ya miaka. Tairi zina tarakimu nne ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa; zikiwa na tarakimu tatu tu, ni za kabla ya mwaka 2000, na wala usizijaze upepo.

Muuzaji akikwambia petroli ya siku hizi isiyo na risasi itaua injini ya zamani, mwache. Risasi ililinda viti vya vali, na injini hizi hazina vali za aina hiyo. La kuhofia ni mafuta ya taa kwenye petroli, uchakachuaji ambao serikali iliukabili mwaka 2018 kwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa. Jaza kituoni, usinunue ya chupa njiani.

Ninavyoamua

Ikiwa DT175 iko Shela karibu na bahari na AG100 iko Marafa, na bei zake zinalingana, nachukua AG100 bila kusita, kisha fedha niliyookoa kwa kranki natia kwenye tairi na nyaya. Ikiwa zote mbili zimelala bara na DT ni kamili, pistoni yake ikiwa bado kwenye saizi ya kawaida au 25, nachukua DT, kwa kuwa gharama ya kuziamsha itakaribiana, nayo DT itanifikisha mbali zaidi. DT iliyokwisha kufika 100 siinunui popote ilipolala, isipokuwa kwa bei ya vipuri. Anayebeba mizigo, madumu ya maji au samaki wa kupeleka Kakuyuni, aiache DT hata ikiwa nzima, kwa sababu keria za AG100 zimefungwa kwenye mwili kwa kazi hiyo, na za DT mara nyingi ni vyuma vilivyochomelewa baadaye ambavyo huipasua fremu ya nyuma. Na kwa pikipiki yoyote kati ya hizi, mnunuzi atenge kando kiasi kisichopungua bei aliyoinunulia kabla ya kuigusa. Aliye na fedha ya kununua tu asubiri, au atafute ya mapigo manne inayotembea.